Wakwe Wanakuja Kuona Kreta

Alhamisi, 3 Julai 2003

Balaa! Anneth amepita gereji mchana, hata hakukaa. Wanakuja. Baba Mkubwa Eliaichi na Shangazi Aikaeli, kutoka Machame, keshokutwa kwa basi. Wanakuja kuona mazingira, ndivyo wanavyosema wakwe. Maana yake wanakuja kuniona mimi.

Baba yake Anneth alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho ni la Baba Mkubwa. Akiondoka hapa ameridhika, napeleka barua ya posa. Asiporidhika, basi. Anneth hataolewa kinyume cha neno lake, aliniambia tangu mwanzo, na mimi nampenda hata kwa hilo, ingawa wiki hii ingenifaa kama lisingekuwepo.

Tatizo lenyewe ni dogo. Krismasi iliyopita tulikwenda Machame kusalimia, Baba Mkubwa akaniuliza nafanya kazi gani huku Karatu. Nikasema niko kwenye utalii. Kweli tupu: matairi ninayoziba ni ya magari ya watalii. Akauliza, utalii upi? Shangazi alikuwa ananimiminia mbege, ukoo mzima umenyamaza unanitazama, nikausikia mdomo wangu ukisema naongoza wageni Ngorongoro. Ukaendelea hadi kwenye faru. Faru niliwaeleza vizuri sana.

Anneth anasema njia ni moja tu. Wakishuka kwenye basi niwaambie mimi ni fundi pancha kwa Mzee Tluway. Anasema Baba Mkubwa hana shida na kazi ya mtu, ana shida na uongo. Nimemwahidi nitafikiria.

Nimefikiria. Mtu akiongoza wageni siku mbili tatu, nani atasema hajawahi kuongoza wageni? Wakiondoka nitakuwa nimesema kweli.

Ijumaa, 4 Julai

Siku ya maandalizi. Asubuhi nimemtumia Mzee Tluway ujumbe kwamba nina malaria. Kisha nikaenda sokoni kwenye mitumba. Nimepata shati la kaki lenye mifuko minne na suruali ya kaki inayoishia juu kidogo ya vifundo vya miguu. Begani pana nembo ya pengwini. Sijui ni ya nini, lakini ni mnyama.

Darubini nimeazima kwa mama mwenye nyumba wangu, Benedicta. Iliachwa na mgeni fulani. Jicho la kulia linaona, la kushoto limeingia maji. Benedicta pia amenipa chumba cha uani kwa ajili ya wakwe. Aliuliza darubini ya nini. Nikasema ndege.

Ikabaki kofia. Kofia nzuri mtaani kwetu anayo mtu mmoja, Dennis. Huyu ndiye mwongozaji wa kweli, ana gari la kampuni, miwani ya jua na Kifaransa kidogo. Mwaka jana alimpa Anneth lifti kwenye mvua kutoka Rhotia hadi mlangoni kwake. Sijasahau. Nikameza mate, nikagonga. Akanipa kofia bila hata kuuliza. Nilipomweleza habari za wakwe (kwa ufupi, na kwa namna yangu) akasema Jumatano gari lake halina wageni, ataomba ruhusa kwa bosi wake awashushe wazee kreta bure kabisa.

Njama ya wazi! Wazee waone nani ameshika usukani na nani amekaa nyuma. Nimemshukuru, nikamwambia nina mipango yangu.

Mpango mkubwa nimeuweka mwisho. Mimi nimekulia Moshi mjini, lakini bibi yangu aliniambia habari za isale. Uchagani, mkosaji akimpelekea aliyemkosea jani la isale lililofungwa fundo, lazima asamehewe. Halikataliwi. Uzio wa kanisa letu ni wa isale, aliupanda mchungaji mmoja wa zamani aliyetoka Machame. Nimepita jioni kama mtu anayesubiri kwaya, nimekata jani moja zuri, nimelifunga fundo, nimelitia mfuko wa kifuani na kufunga kifungo.

Msamaha upo tayari kabla ya kosa. Sijui kwa nini wazee wote hao hawakulifikiria hili.

Jumamosi, 5 Julai

Wamefika! Shangazi ameteremka na mkungu wa ndizi mshare, akisema hana imani na ndizi za huku. Baba Mkubwa ana koti, tai na mwavuli. Alifanya kazi ya kupanga madaraja ya kahawa kwenye chama cha ushirika mpaka alipostaafu, na bado anatazama kila kitu vile, anakigeuza kwanza. Alinitazama mimi. Alitazama pengwini. Akasema pole na kazi.

Anneth alinikazia macho ili niseme. Nikasema tukatembee tuone mji.

Hapo pana ugumu. Karatu ni barabara moja, na gereji ya Mzee Tluway iko katikati yake. Nikatangaza kwamba watalii wa kisasa hawapendi barabara, wanapenda njia za asili. Tukapita nyuma ya nyumba za watu, tukakata mahindi, tukashuka korongo na kupanda ng'ambo yake. Viatu vya Baba Mkubwa vikawa vyekundu kabisa. Hakulalamika.

Na kwa kweli, huko nyuma ni kuzuri! Miaka minne naishi hapa sijawahi kupita. Bogonvilia zimefunika paa la nyumba nzima. Mashamba ya kahawa yanapanda hadi msituni, kijani juu ya kijani, na msitu wenyewe umejifunika wingu. Maji yanatiririka mahali ambapo huyaoni. Shangazi alikuwa akisimama kila hatua na kuuliza jina la kila jani. Yale niliyoyajua nilimwambia. Yale nisiyoyajua nilimwambia pia.

Kosa moja tu. Tulipofika ukingoni mwa shamba la kahawa nilisahau niko na nani. Nikaeleza kwamba kahawa ya huku, kwa sababu ya baridi, huchumwa mara moja kila baada ya miaka miwili. Baba Mkubwa akachuma punje moja nyekundu, akaitafuna, akatema. Akasema haya.

Tukirudi, dereva mmoja alipunguza mwendo akanipigia kelele kwamba lile tairi la nyuma linapungua tena. Nikawaeleza wakwe kwamba kwenye utalii tunasaidiana sana. Anneth alitembea mbele peke yake mpaka nyumbani.

Jioni Shangazi alipika mtori. Alisema Karatu ni kama Machame, ila huku mtu ana nafasi ya kupumua, na kwamba Anneth angeweza kuishi hapa vizuri. Nilifurahi mpaka nikashindwa kumeza. Halafu nikaona aibu. Halafu nikaongeza mtori.

Jumapili, 6 Julai

Nilikumbuka kila kitu isipokuwa matangazo!

Kila Jumapili mzee wa kanisa anawaomba wageni wasimame wajitambulishe. Kila Jumapili wanasimama, na mimi muda huo huwa nasinzia. Leo Baba Mkubwa akasimama. Akatoa salamu za usharika wake. Akasema wamekuja kumwona kijana wao Nehemia, anayeongoza watalii Ngorongoro. Akaniwekea mkono begani ili wasionijua wanijue.

Wote wananijua. Nusu ya kanisa nimewazibia baiskeli.

Kimya kikaingia, kirefu. Kwaya walitazamana. Mwalimu wa kwaya akainama kutafuta kitu chini ya kinanda na hakuinuka. Hatimaye mchungaji akasema Bwana asifiwe, wakaitikia amina, lakini kwa sauti ya watu wanaouliza.

Nje, wakati wa kunadi sadaka za mazao, nilijua sasa ndiyo mwisho. Nikashika mfuko wa kifuani. Lakini hakuna aliyetoboa siri yangu, hata mmoja! Watu wa Karatu ni wema kupita kiasi. Walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. Mzee wa kanisa alinipongeza kwa kupanda cheo. Mama mmoja ambaye gurudumu la toroli lake liko kwangu aliniuliza kwa kunong'ona kama sasa atafute fundi mwingine. Nikamnong'oneza, Jumanne.

Kisha akaja mchungaji mwenyewe. Mbele ya Baba Mkubwa akasema kwa kuwa Mungu ameniinua, je, nitawapeleka watoto wa shule ya Jumapili kreta mwezi wa nane? Ningesema nini? Nimekubali. Nimekubali pamoja na chakula cha mchana.

Baba Mkubwa alikula kimya. Shangazi alikula kimya. Nadhani heshima niliyopewa imewagusa.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba



Mpango ulikuwa mzuri. Thomasi, dereva wa pikapu, hupeleka kabichi na karoti za Mbulumbulu kwenye hoteli moja juu ya ukingo wa kreta, na nilikuwa nimemzibia tairi mbili kwa hisani. Wazee walikaa mbele naye. Mimi na Anneth, ambaye leo chekechea anayofundisha imefungwa, tulikaa nyuma juu ya kabichi. Nilimwambia Thomasi neno moja tu: nyamaza. Njia nzima niliwachungulia kupitia kioo. Alikuwa akiongea, Baba Mkubwa akitikisa kichwa. Baadaye nikajua walikuwa wakizungumzia bei ya mbolea.

Anneth alikuwa amejifunga khanga mbili na bado anatetemeka. Nilimvalisha koti langu. Akasema bado kuna muda, wakishuka tu niwaambie. Alisema kwa upole, na ningempa chochote wakati ule. Nikamwambia tukishuka.

Tukapita geti, tukaanza kupanda msituni. Ukungu! Ulikuwa mzito hata miti ya kando ya barabara ilionekana nusunusu, na ile mindevu ya mimea inayoning'inia kwenye matawi ikidondosha maji juu ya vichwa vyetu. Thomasi akasimamisha gari mahali pa kutazamia kreta, akazima injini. Tukashuka hadi ukingoni. Mbele yetu palikuwa peupe tupu, hapana juu wala chini.

Nilimshukuru Mungu! Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: kreta sijawahi kuiona. Nauli ya kwenda kuangalia shimo sikuwahi kuiona maana yake. Nilichojua nilikisoma kwenye vipeperushi vinavyosahauliwa magarini. Sasa ukungu ukanipa uwanja. Nikavaa kofia vizuri, nikanyoosha mkono, nikaanza. Pale kulia ni ziwa, linakuwa la waridi kwa flamingo. Pale kushoto ni faru, familia yao nawafahamu. Katikati mto, na ng'ambo ya mto simba saba wanaonitambua kwa gari. Shangazi akaomba darubini, akatazama weupe kwa muda mrefu. Akauliza faru wanakula nini. Nikamwambia. Sijawahi kuongea vizuri namna ile maishani mwangu. Hata Thomasi alikuja kusikiliza.

Baba Mkubwa akauliza nimeshuka kule chini mara ngapi. Nikasema sina hesabu.

Basi upepo ukapita, na ukungu ukaondoka.

Haukupungua kidogo kidogo. Ulichanika na kunyanyuka, na yote ikawa chini yetu. Sijui nieleze vipi. Nilidhani ni shimo. Ni nchi nzima imewekwa chini, ina msitu wake, ina ziwa lake, ina jua lake, na mawingu yake yanatembea juu yake yenyewe. Ng'ombe au nyati, sijui, walikuwa vidoa tu. Miaka minne natoa matope ya kule kwenye matairi, natoa miiba yake, na sikujua.  Nikavua kofia ya Dennis nikasema, "Yesu wangu, kumbe ni kubwa hivi."

Nilisema kwa sauti. Na nilikuwa ninalia, ndiyo, waziwazi, pua na vyote.

Ziwa nililoliweka kulia lilikuwa kushoto.

Hakuna aliyecheka. Shangazi akanishika mkono. "Nehemia, mwanangu," akasema polepole, "wewe hujawahi kufika hapa."

Nikatikisa kichwa: sijawahi. Anneth alikuwa amegeuka anatazama barabara. Hapo nikakumbuka kwamba kila kitu nilikuwa nimekipangia. Nikafungua kifungo cha mfuko, nikatoa isale, nikapiga magoti kwenye umande, nikampa Baba Mkubwa kwa mikono miwili.

Akalipokea. Akaligeuza huku na huku. Lilikuwa limesinyaa, ncha imekuwa ya kahawia, fundo limelegea.

"Hili limekatwa lini?"

"Ijumaa, Baba Mkubwa."

"Sisi tulifika lini?"

 Akasubiri mpaka nikajibu. "Jumamosi."

Akanyanyuka pale aliponiinamia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Isale halikataliwi. Lakini hili halikuletwa kwangu, baba. Hili lilikatwa na mtu ambaye alikuwa bado hajakosa." Akalirudisha mfukoni mwangu, akafunga kifungo mwenyewe. Kisha akasimama ukingoni na mwavuli wake, akaitazama kreta mpaka Thomasi aliposema kabichi zinachelewa.

Kurudi, Anneth alikaa upande mwingine wa gari. Koti alinirudishia.

Jumanne, 8 Julai

Wazee hawajatoka chumbani uani. Benedicta anawapelekea chai. Mimi ananipita.

Anneth amekuja saa sita. Nilimkimbilia, akarudi nyuma hatua moja. Akasema hakuja kunipatanisha, amekuja kunieleza kwa sababu anaona mimi ni Mchaga wa kitabuni. Isale huletwa bichi. Na mkosaji halipeleki mwenyewe, hulipeleka mzee wa upande wake, anayemjua, anayeweza kumsemea. Wazee wanaondoka Alhamisi asubuhi. Baba Mkubwa ameshasema wakiondoka hivi hivi, neno lake ni hapana, na hatalibadilisha.

Nikamwambia mimi Karatu sina mzee. Baba yangu yuko kaburini, wajomba wako Moshi, mpaka nipige simu na mtu asafiri itakuwa Ijumaa.

"Unaye," akasema. "Unamkimbia tangu Ijumaa."

Mzee Tluway! Mwiraqw wa Mbulu, isale hajawahi hata kulisikia. Isitoshe nilikuwa na malaria. Nilizunguka mji mara mbili nikitafuta mzee mwingine. Nilimfikiria mzee wa kanisa, lakini yeye amenipongeza kwa kupanda cheo. Nilifikiria kumvalisha Thomasi koti na kofia, lakini Baba Mkubwa anamjua. Saa kumi na moja jioni nikaingia gereji nikiwa na uso wa mgonjwa.

Mzee Tluway alikuwa amechuchumaa kwenye karai, anazamisha tyubu akitafuta povu, kazi yangu. Hakuinua kichwa. Akaniuliza malaria inaendeleaje. Nikaanza kujibu, nikashindwa. Nikamwambia yote tangu Krismasi, nimekaa juu ya tairi la spea, naye anaendelea kuzungusha tyubu majini. Nilipofika kwenye simba saba aliacha kuzungusha kidogo, kisha akaendelea. Mwisho akauliza jambo moja tu: ni jani tu, hakuna ng'ombe? Nikasema ni jani tu. Akasema Wachaga ni watu wa ajabu, na kwamba kesho atakuja baada ya kazi.

Nilimwandalia maneno ya kusema, mazuri, yenye heshima, yakinitaja kama msaidizi wake mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema atasema yake.

Jumatano, 9 Julai

Kabla hakujakucha vizuri nimesikia gari nje. Dennis! Amewachukua wazee na Anneth, amewapeleka kreta. Anneth ndiye aliyemwomba. Nilisimama nyuma ya pazia na kuwaona wakiondoka. Shangazi alikuwa amekaa mbele, ameshika darubini ya Benedicta.

Nimezima hasira kwa kazi. Toroli la yule mama limekwisha. Gari mbili za Arusha zimekwisha. Mchana nilikwenda kwa mchungaji kuomba isale, safari hii kwa mlango wa mbele. Akauliza la nini. Nikamwambia. Akatafakari kisha akanikatia mwenyewe, akasema habari za watoto wa shule ya Jumapili tutaziongea siku nyingine. Nilipomwomba la pili la akiba alinitazama tu.

Walirudi jioni, vumbi tupu, wamechangamka. Wameona faru! Wawili. Shangazi alikuwa akielezea kwa mikono. Akaniona, akaacha. Dennis aliniambia pembeni kwamba wazee ni watu wazuri mno, na kwamba Desemba anafunga ndoa na msichana wa Usa River, nisikose. Sasa anatumia harusi. Huyu mtu ana njama ndefu!

Jua lilipotua Mzee Tluway akafika. Alikuwa amenawa, amevaa koti la msibani. Jani ameliweka kwenye mfuko wa rambo ili lisipate vumbi. Nilibaki mlangoni kama alivyoniagiza, Anneth amesimama upande wa pili wa mlango, hatutazamani. 

Walisalimiana kwa muda mrefu, mvua, mahindi, ng'ombe. Kisha nikasikia rambo inakwaruza.

"Mimi mila yenu siijui," Mzee Tluway akasema. "Nimeambiwa nilete jani, nimeleta. Huyu kijana ni fundi wangu wa pancha. Akisema anakuja saa moja, atakuja saa tatu. Wiki hii ameniambia ana malaria. Lakini kuna watu wanateremka ule mlima na tairi aliloziba yeye, wana watoto ndani, na mimi usiku nalala. Kwenye tairi hajanidanganya. Sehemu nyingine bado."

 Baba Mkubwa akakohoa. Akasema tangu Jumapili alikuwa anajua, maana hakuna kanisa linalonyamaza vile kwa habari ya kweli. Alikuwa anasubiri tu mimi niseme. Alinisubiri kanisani, akanisubiri mezani, akanisubiri hadi kule juu kwenye ukungu, mzee mzima, miguu imelowa. Akasema hilo ndilo lililomuuma, kusubiri. Pancha haikumuuma hata kidogo.

Halafu akasema, "Nimelipokea."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Shangazi akanivuta ndani nikale. Baba Mkubwa alinipa mkono, akaniuliza gundi ya pancha inakauka kwa muda gani wakati wa baridi. Nikamweleza. Alisikiliza kila neno na kuuliza tena. Nadhani ni mara ya kwanza tumeongea.

Lakini Anneth! Nilimfuata nje, nikamwambia yamekwisha, tumshukuru Mungu. Akasema yamekwisha kwa Baba Mkubwa. "Mimi nilikuambia mara tatu," akasema, "na mara tatu ukaniacha nisimame pembeni ya uongo wako kama ni wangu. Mimi sitaki jani. Jumapili, wakati wa matangazo, simama uwaambie watu wewe ni nani. Hivyo tu. Ukiweza hilo, leta barua."

 Nikaona jinsi alivyochoka, na kwamba mimi ndiye niliyemchosha. Nikamwapia. Nilikuwa namaanisha kabisa.

Ijumaa, 11 Julai

Wazee wamekwenda salama jana. Shangazi ameniachia ndizi zilizobaki. Mzee Tluway amenikata pesa za siku nilizougua.

Sasa matangazo. Nimekaa kuandika maneno ya Jumapili, maana nikisimama bila maandishi mdomo wangu unajulikana. Nimeanza vizuri: Mimi ni Nehemia, fundi pancha kwa Mzee Tluway. Kweli tupu. Nimeisoma kwa sauti. Fupi mno! Mtu asimame mbele ya kanisa zima, Anneth amekaa benchi la kwanza, aseme hayo tu na kukaa? Wataona kama nawadharau.

Nimeweka fundi mkuu wa pancha. Hilo si uongo, kwa sababu gereji nzima fundi pancha ni mimi peke yangu.

Baadaye nimeona niseme pia kwamba Mzee Tluway anakusudia kunifanya mbia. Hajakusudia bado, lakini nitaongea naye kesho mapema, kwa hiyo mpaka Jumapili litakuwa limeshakuwa kweli. Na kwa kuwa nimetaja ubia, lazima nitaje tawi. Nimeliweka Mto wa Mbu, pazuri, na ndizi zipo. Nimeongeza mafunzo niliyopata Nairobi. Nairobi sijafika, lakini kitabu cha gundi kimeandikwa Nairobi, nami nimekisoma chote.

Nimeyasoma tena yote mbele ya kioo, na pengwini nimemfua. Yametulia, yana unyenyekevu. Na watalii sijawataja hata mara moja. Anneth ataona mwenyewe jinsi nilivyobadilika.